Ufunguo wa pili wa Nissan Note, Kirinyaga Road, Nairobi: kazi safi, betri mbovu

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja aliyoikosa nitaeleza ilikokwenda. Kwa mwenye haraka: fundi huyu wa funguo za magari anajua kazi, bei yake haichuni mtu ngozi, na ukifika asubuhi kabla mtaa haujachangamka, utakuwa umerudi barabarani kabla ya chakula cha mchana. Lakini usimpe pesa kabla hujaijaribu rimoti kwa namna nitakayoisimulia huko chini, kwake yeye au kwa fundi mwingine yeyote.

Gari langu ni Nissan Note, hili toleo la E12 lisilochomekwa ufunguo: ufunguo wake ni rimoti ya mfukoni, na kuwasha unabonyeza kitufe tu. Nililitoa yadi moja ya Ngong Road likiwa na ufunguo mmoja. Anayenunua magari yaliyotumika Japani anajua hali hiyo: unaulizia ufunguo wa pili, muuzaji anacheka, anakwambia shukuru huo mmoja umefika na gari. Mchana naliendesha mimi, usiku analichukua mdogo wangu, sote tunabeba abiria wa programu za simu. Sasa piga picha ya watu wawili, gari moja, ufunguo mmoja. Yeye akimaliza zamu alfajiri anaingia kulala na rimoti ikiwa mfukoni mwa jaketi, mimi nimesimama getini nimevaa, nampigia simu, na simu ameizima. Mteja wa uwanja wa ndege hakungoji.

Kulikuwa pia na hofu kubwa kuliko hiyo. Kuongeza ufunguo wakati mmoja bado upo ni kazi ya kawaida. Ukipoteza ule wa pekee, gari halisogei: ama uite fundi na mashine zake mpaka lilipo, ama ulikokote kwa brekidauni, na bei inapanda kwa sababu fundi anaanza bila kitu cha kunakili wala cha kusoma. Nilitaka kuimaliza shughuli hii nikiwa bado na raha ya kujadiliana bei.

Kwanza nilikwenda kwa fundi mwingine karibu na ninakokaa, Eastlands huku, na jina lake nalihifadhi. Akaniuzia rimoti nyeusi inayong'aa, akachomeka kompyuta yake, akabonyeza, gari likaunguruma, nikamlipa. Kufika kwangu nabonyeza kufunga milango: kimya. Nagusa kile kitufe kidogo cha kwenye kitasa: kimya. Nikikaa na rimoti kwenye mkoba na kutaka kuwasha, gari linalia kwamba halioni ufunguo. Linawaka tu nikiigusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia. Niliporudi kumuuliza akaniambia, "Mama, rimoti za Kichina ndivyo zilivyo, utazoea." Nikapiga kelele mpaka nikarudishiwa nusu ya pesa. Nusu nyingine ilikuwa karo ya somo hilo.

Dereva mwenzangu wa stendi ndiye aliyenielekeza Kirinyaga Road. Wazee bado wanaiita Grogan, na ukisema Grogan kila fundi wa jiji hili anajua unatafuta vipuri. Ukitokea mzunguko wa Globe unashuka nayo, bampa zimening'inia juu ya milango, vioo vya pembeni vimepangwa kwa mistari, na vijana wanaruka mbele ya gari lako wakikuuliza unatafuta nini kabla hujajua mwenyewe. Duka ninalolizungumzia halina kibao cha maana. Ni chumba chembamba cha chini, kaunta ina wavu wa chuma, na ukuta mzima nyuma yake umejaa maganda ya rimoti yaliyotundikwa kwa aina: Toyota huku, Mazda pale, Subaru juu, Nissan chini karibu na sakafu. Kuna yeye fundi, kijana wa miaka thelathini hivi anayeongea taratibu, na msaidizi mdogo wa kuchonga na kutumwa.

Swali lake la kwanza halikuwa la pesa. "Mama, logibuku iko?" Ndiyo hati ya umiliki wa gari. Nikafungua simu nikamwonyesha ile ya kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akaangalia jina, akaomba kitambulisho, akaandika nambari ya gari kwenye daftari la kaunta. Jamaa mmoja aliyekuwa akingoja akaguna kwamba hayo ni mambo ya polisi. Mimi nilimheshimu fundi hapo hapo. Mtu anayeweza kutengeneza ufunguo wa gari lako anaweza pia kumtengenezea mwizi wako, na njia pekee ya kuwatofautisha ni kuuliza.

Swali la pili: "Funguo zote za hili gari ziko wapi?" Nikamwambia ni huu wa asili na hii takataka niliyouziwa. Akaeleza kwamba kwenye Nissan za namna hii, ukiingia kusajili ufunguo, gari linasahau zilizokuwepo, na kila moja lazima isajiliwe upya palepale. Gari linakubali mpaka nne. "Kama kuna moja umeacha nyumbani kwa mzee, ukirudi utaikuta ni plastiki tu." Laiti watu wangeambiwa hivyo kabla ya kutoka nyumbani. Nimewasikia madereva wawili watatu wakilalamika kwamba fundi "aliua" ufunguo wao wa zamani, kumbe haukuwepo mezani siku hiyo.

Halafu akaichukua ile rimoti ya fundi wa kwanza. Ana kimashine cha mkononi chenye skrini, kinafanana na simu nene. Akaiweka rimoti yangu ya asili juu yake, akabonyeza kitufe cha kufunga, skrini ikaandika namba iliyokaribia 315. Akaweka ile mpya, akabonyeza: 433 na kitu. Akanigeuzia skrini nione mwenyewe, hakusema neno.

Hapo nilielewa nilichotendewa. Gari la kutoka Japani linasikiliza kwenye masafa ya karibu megahezi 315, la Ulaya linasikiliza 433.92. Rimoti ya 433 ukiipeleka kwenye gari la Japani ni kama kumwita mtu kwa redio iliyo stesheni nyingine, utaita mpaka kesho. Na mbona injini iliwaka? Kwa sababu ndani ya rimoti mna chipu isiyotegemea masafa hayo wala betri. Ukiigusisha kwenye kitufe cha kuwashia, gari lenyewe linaipa chipu nguvu kidogo kwa mawimbi ya chini na kuisoma kwa ukaribu. Ndiyo maana hata betri ya rimoti ikifa kabisa, Note bado unaliwasha kwa kugusisha huku umekanyaga breki. Kwa hiyo kuwaka kwa injini na kufunguka kwa milango ni mambo mawili tofauti, na fundi anayekuonyesha injini tu amekuonyesha nusu. La tatu ni kile kipande cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti, cha kufungulia mlango betri ya gari ikilala. Hicho huchongwa, hakihusiani na kompyuta hata kidogo.

Akanipa chaguo. Kulikuwa na rimoti za asili zilizotumika, zimetolewa kwenye magari yaliyovunjwa, lakini akasema nyingi zimejifunga kwa gari lao la kwanza, na kuzifungua ni kuchokonoa saketi, wakati mwingine zinakataa. Kulikuwa na mpya ya asili kabisa ya kuagizwa, kwa bei iliyonifanya nicheke. Na kulikuwa na ya Kichina ya masafa sahihi, shilingi 9,500 pamoja na kuchonga na kuprogramu. Nikamwambia 7,000, akatabasamu. Tukafika 8,500. Duka moja kubwa nililolipigia simu kabla ya hapo lilitaka zaidi ya mara mbili ya hizo, na gari lilale kwao. Gari la biashara halilali.

Kabla ya yote nilimwomba aipime hii mpya kwenye kile kimashine. Hakununa. Ilisoma sawa na ya asili.

Wakati tukingoja mashine ya kuchonga ipoe, akaingia dereva wa Nissan AD Van, gari la zamani la ufunguo wa kuchomeka, na rimoti ndogo isiyofanya kazi baada ya kubadilishiwa ganda. Nikadhani naye ataambiwa elfu kadhaa. Fundi alitoka naye nje, akakaa kwenye usukani, akafunga milango, akauchomeka na kuuchomoa ufunguo upesi upesi mara sita na zaidi, bila kuwasha, mpaka taa za hazadi zikapepesa zenyewe. Akausogeza ufunguo hatua moja, akabonyeza kitufe cha rimoti, hazadi zikapepesa tena, basi. Hakuna waya, hakuna kompyuta. Alimtoza pesa ya chai tu. Nikamuuliza mbona hakumtoza zaidi, akasema, "Hiyo iko kwenye kitabu cha gari, ila kimeandikwa Kijapani." Wenye Nissan za zamani za rimoti ya kawaida, jaribuni hivyo kwanza. Honda za zamani nazo zina mchezo wao wa namna hiyo, wa kuwasha na kuzima swichi mara kadhaa huku ukibonyeza rimoti. Kwa gari la kitufe kama langu, michezo hiyo haifui dafu.

Kwangu alianza na kitu ambacho fundi wa kwanza hakukifanya. Alifungua boneti, akaning'iniza vibanio vya chaja kwenye betri, akazima redio na taa zote. Kazi inapoendelea, akasema, ile kompyuta ya gari inayotunza milango na funguo inaandikwa upya, na volti zikianguka katikati inaweza kupotewa na akili, kisha tuanze kutafuta nyingine kwenye magari yaliyovunjwa. Betri yangu, kwa taarifa yenu, ni ya mwaka juzi na ina siku zake za uvivu. Nilifurahi kwamba hakuiamini.

Akapenyeza mkono chini ya dashibodi upande wa dereva, akachomeka waya kwenye ile soketi ya pini kumi na sita, na mashine ikaanza kusoma. Ilisoma kompyuta ya gari, ikatoa namba ya siri, akaithibitisha. Kisha skrini ikaomba ufunguo wa kwanza. Akauchukua wa asili, akaugusisha kwenye kitufe cha kuwashia upande wenye nembo, akatulia, gari likalia kidogo. Akaweka kando, akachukua mpya, akafanya vilevile. Ile ya 433 hakuigusa kabisa, aliiacha kwenye kaunta. Mwisho skrini ikaandika idadi ya funguo zilizosajiliwa: mbili. Akaniita nisome. "Ukiona tatu hapa, uliza ya tatu ni ya nani." Swali hilo ni la maana sana kwa mtu aliyenunua gari mitumbani. Huwezi kujua yadi ilibaki na nini.

Nikamuuliza, kwa hiyo mtu akiiba ufunguo wangu leo, nikija kwako ukaufuta, nimeshapona? Akatikisa kichwa. Kufuta kunazuia gari kuwaka na milango kufunguka kwa kitufe. Kile kipande cha chuma bado kitafungua mlango wa dereva, maana kitasa hakijui habari za kompyuta. Ukiibiwa, badilisha na kitasa, au angalau usiache kitu cha thamani ndani. Sijawahi kumsikia fundi mwingine akilisema hilo.

Huku nyuma msaidizi alikuwa akichonga chuma. Wanatumia kile kipande cha Nissan ambacho bado hakijachongwa meno, kinachoitwa NSN14. Kilibanwa kando ya kile cha asili, mashine ikafuata meno yake, vumbi la shaba likamwagika kwenye gazeti, akapiga brashi, akaenda kukijaribu mlangoni. Kilikwama kidogo. Akarudi, akapitisha tupa mara mbili, kikazunguka laini. Kijana ana mkono mzuri.

Sasa majaribio, na hapa ndipo nilipomkubali fundi huyu kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, rimoti mpya mkononi, nikabonyeza, gari likawaka bila kugusisha, nikawa tayari kutoa simu nilipe. Akanizuia. "Mama, ule wa zamani uko wapi?" Ulikuwa kwenye mkoba wangu, kitini pembeni. "Basi hujajaribu kitu. Gari limesikia ule." Akamkabidhi msaidizi ufunguo wa asili, akamtuma aende nao mbali, mpaka alipoketi mama wa chai na kupita. Tukaanza upya: kufunga kwa kitufe, kufungua, kugusa kitasa nikiwa na rimoti mfukoni, kuwasha bila kuitoa mfukoni, kuwasha kwa kugusisha, mlango kwa chuma. Vyote vikafanya. Kisha tukageuza: mpya ikaenda kwa mama wa chai, ya asili ikabaki, tukapitia yote tena, maana na yenyewe ilikuwa imesajiliwa upya. Fundi wa kwanza alinijaribishia gari nikiwa na funguo zote mbili ndani. Fikirieni.

Nikalipa kwa simu kwenye till, namba yake ya malipo, ujumbe ukaingia, ikawa imekwisha. Sasa malalamiko.

Risiti haitoki mpaka uiombe, na hata ukiiomba unaona kama umemvunjia heshima. Dhamana ya miezi mitatu aliisema kwa mdomo, nikamwambia aiandike na aigonge muhuri. Aliandika. Andikisheni nanyi.

Betri aliyoiweka kwenye rimoti mpya ilikuwa zile za kwenye karatasi ya kumi kumi zisizo na jina. Haikuchukua muda mdogo wangu akaanza kulalamika kwamba rimoti inashika akiwa amegusa mlango kabisa. Nilinunua CR2032 ya maana supamaketi, nikaifungua rimoti kwa sarafu, nikabadilisha, ikaamka. Hizo namba zina maana yake: milimita 20 upana, na 3.2 unene. Kama rimoti yenu ni ya 2032, msikubali kuwekewa 2025 kwa hoja kwamba ni sawa. Ni nyembamba, inacheza ndani, na siku moja inaacha kugusana kabisa, hasa gari likipita barabara zetu za mashimo. Kwa rimoti ya 8,500, betri nzuri isingemfilisi mtu. Hapo ndipo nyota ya tano ilipodondokea.

Hata na betri nzuri, ya Kichina haifiki mbali kama ya asili. Ya asili nafungia gari kutoka dirishani kwangu ghorofa ya pili. Hii mpya lazima nishuke ngazi. Vitufe vyake navyo ni vigumu, vinataka ukucha. Kwa hiyo nimempa mdogo wangu hiyo mpya. Amesema ni ubaguzi. Nimemwambia ataipata ya asili siku atakapoacha kulala nayo.

Kingine ni maegesho. Gari lazima liwepo lenyewe, huwezi kuacha ufunguo ukaja kuuchukua jioni, na mbele ya duka ni pa kubahatisha. Lipa ada ya kaunti kabla hujashuka, kwa sababu kanjo, askari wa kaunti, wa mtaa ule hawana utani, na mnyororo wa kufungia magurudumu wanao mkononi. Nenda mapema, mvua isiwepo kama unaweza, maana kazi yote inafanyika nje na boneti wazi. Beba kila ufunguo ulio nao, logibuku, kitambulisho, na mtu wa kushika funguo mbali wakati wa majaribio kama msaidizi atakuwa na kazi nyingine.

Kwa mwenye gari la Toyota au Mazda sina la kusema kuhusu bei, niliwasikia tu wateja wengine wakitajiwa bei tofauti tofauti kulingana na chipu. Kwa aliyepoteza zote, alinitajia kiasi kilichokaribia mara mbili ya nilicholipa, na yeye ndiye anayekufuata. Hufunga jioni mtaa unapoanza kutoa mizigo, na Jumapili hayupo. Ijumaa usijisumbue kati ya saa sita na nusu na saa nane. Huwa amekwenda msikitini, na msaidizi haruhusiwi kuigusa mashine. Atakuchongea chuma tu.